Mjengeeni Aliyechelewa

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuandaa programu, imeandikwa upya na msemaji mwenyewe

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kwa sababu ndiko kuliko na soketi za chaji: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza mfumo wa majadiliano ya maandishi ambao mtu wa kawaida ataumudu bila kufundishwa. Mada hii ikitajwa, wengi hukimbilia rangi, umbo la vitufe na picha za wasifu. Hayo yana watu wake. Mimi nina jambo moja, na mengine yote nitakayosema leo yanaliegemea: mfumo wa maandishi mjengeeni aliyechelewa.

Aliyechelewa ni nani? Ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku akakuta ndugu zake wameshapanga harusi nzima yeye akiwa wodini. Ni dereva wa lori aliyekwama foleni ya Tunduma, bando limekwisha, anarudi hewani kesho yake. Ni mwanachama mpya wa kikoba anayeuliza swali la maana kabisa akajibiwa, "Hilo tulishalimaliza mwezi wa tatu, pandisha juu utaliona." Anapandisha, anapandisha, halioni. Waliokuwepo wakati maneno yakisemwa wangeelewana hata kwa simu. Anayeuhitaji mfumo wenu kweli ni yule ambaye hakuwepo, kwa sababu maandishi yana sifa moja ambayo sauti ya papo kwa papo haina: yanaweza kumsubiri mtu. Mkitengeneza mfumo usiomsubiri mtu, mmechukua taabu yote ya kuandika na faida yake mmeitupa.

Na maandishi ni rahisi kuyabeba. Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, na kila herufi katika UTF-8, utaratibu ambao kompyuta huhifadhia maandishi, huchukua baiti moja. Ujumbe wa herufi 500, ambao ni aya nzito, ni baiti 500. Picha moja ya simu yenye ukubwa wa megabaiti 3 ni sawa na aya 6,000 za namna hiyo. Kwa hiyo mtu anaponiambia mfumo wake wa kuchati hauwezi kufunguka mahali penye mtandao hafifu, huwa namuuliza: ni maneno ya watu yaliyo mazito, au ni mapambo yako?

Sasa nianze na kitu mnachokijua wote: orodha ya michango.

Kuna msiba au harusi. Mtunza hazina anaandika kwenye grupu: 1. Mjomba, 50,000. 2. Shangazi, 30,000. Anayefuata ananakili orodha yote, anaibandika upya, anaongeza jina lake chini. Na anayefuata naye vivyo hivyo. Inafika namba 14. Watu wawili, mmoja Mbeya na mwingine Tanga, wananakili orodha ile ile kwa wakati mmoja. Kila mmoja anajiandika namba 15. Atakayekuja baadaye atanakili orodha ya yule aliyetuma mwisho. Jina la mwenzake limefutika, na hakuna aliyelifuta. Siku tatu baadaye panazuka maneno: "Mimi nilitoa, mbona sipo?" Mtunza hazina anaonekana mwizi. Nimeona undugu ukiingia ufa kwa jambo hili, na wahusika wote walikuwa watu waaminifu.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kulikuwa na mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO, ulioanza mwaka 1960. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 watumiaji wake walikuwa wakiripoti hitilafu kwa kuandika ndani ya faili moja la pamoja, lililo wazi kwa kila mtu. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kulihariri kwa wakati mmoja, wengine wangoje. Aliyeandika angeweza kutia jina lake au asitie; angeweza kubadili maneno ya mwenzake; na mara nyingine mtu mwenye utani mbaya alilifuta faili zima.

Mwaka 1973 kijana wa miaka 17, David Woolley, alipewa kazi ya kulitafutia dawa. Programu yake iliitwa Notes, na ilianza kutumika Agosti mwaka huo. Mambo aliyoyafanya yanaonekana madogo mno leo. Kila dokezo likawa kitu kinachojitegemea, hakigusiki na mwingine. Tarehe na utambulisho wa mwandishi viliwekwa na mashine yenyewe, hakuna kujaza kwa hiari. Na kila dokezo liliweza kupokea majibu, hadi 63, yakifuatana moja baada ya jingine. Mwanzoni alifikiria kuigawa skrini mara mbili: upande huu ripoti ya mtumiaji, upande ule jibu la fundi. Akaona nusu skrini haitoshi kusema jambo, na jibu moja halitoshi kulimaliza. Hapo ndipo ripoti za hitilafu zikageuka kuwa mazungumzo, na mwaka 1976 watu wakawezeshwa kufungua vikundi vyao vya madokezo wenyewe.

Rudini kwenye orodha ya michango. Dawa yake ni ile ile ya kijana yule: mchango wa kila mtu uwe ingizo lake mwenyewe, lenye jina na saa vilivyowekwa na seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, na orodha iwe kitu kinachojumlishwa na mashine kutokana na maingizo hayo. Hakuna kunakili. Waliobonyeza kwa wakati mmoja wote wameingia, na anayefungua siku ya tatu anaona majina yote na jumla yake. Nashangaa kwamba nusu karne imepita na bado tunaandika majina ya wafadhili wa misiba yetu kwa mtindo ambao vijana wa Illinois waliukimbia.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya mahali mtu alipoishia kusoma.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao wa majadiliano uliokuja kuitwa Usenet. Steve Bellovin, wa chuo jirani cha North Carolina, aliandika toleo la kwanza kabisa. Kompyuta zilipigiana simu usiku, zikapeana makala, zikakata. Waliotengeneza walitegemea makala chache tu kwa siku. Yakaja kuwa mafuriko, na mafuriko ndiyo yaliyowafundisha watu adabu ya kutengeneza programu ya kusomea. Mwaka 1984 Larry Wall alitoa programu aliyoiita rn. Ilitumia faili dogo la maandishi lililokaa kwenye akaunti ya msomaji, na ndani yake kila kikundi kilikuwa na mstari mmoja wenye namba, kwa mfano 1-1350,1352. Maana yake: umesoma zote hadi ya 1350, ya 1351 uliiruka, ya 1352 umesoma. Basi. Ukirudi baada ya wiki mbili, unaanzia pale pale, na ile uliyoiruka bado inakusubiri.

Linganisheni na magrupu yetu. Programu nyingi za kuchati hukuonyesha msitari wa "ujumbe ambao haujasomwa" mara moja tu. Mtoto akiichezea simu yako, au wewe mwenyewe ukifungua kwa kidole kilichoteleza, alama imekwenda. Jumbe 300 zinahesabiwa zimesomwa kwa sababu tu ziliwahi kupita kwenye kioo. Kufungua na kusoma vimefanywa kitu kimoja. Ninawaomba mvitenganishe. Hesabu kuwa mtu amesoma pale ambapo ujumbe ulikaa kwenye skrini muda wa kutosha kusomeka, na mwachie njia ya kusema "irudishe hii, sijaisoma." Ihifadhini alama hiyo kwenye seva, maana simu huibiwa na huanguka chooni.

Kuna dhambi ndogo inayofanana na hiyo. Mtu yuko katikati ya kusoma aya, ujumbe mpya unaingia, na ukurasa mzima unaruka kumpeleka chini. Mwacheni amalize! Wekeni alama ndogo ukingoni, "majibu mapya 4," atashuka akipenda.

Na mtandao ukikata? Ameandika aya tatu kwa dole gumba, akabonyeza Tuma, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ukurasa ukajifungua upya ukiwa mtupu. Mtu huyo hataandika tena. Hata mimi sitaandika. Kila herufi anayoigusa ihifadhiwe kwenye simu yake kabla ya kufikiria kuipeleka popote. Upande wa pili wa tatizo hili ni kwamba akiona kimya atabonyeza tena, na ujumbe utatokea mara mbili au tatu. Jibu la hilo pia lilishapatikana zamani. Kwenye Usenet makala moja iliweza kuifikia kompyuta kwa njia mbili tofauti, ndiyo maana kila makala ilipewa kitambulisho chake cha pekee tangu ilikozaliwa; ikija mara ya pili, kompyuta inasema hii ninayo, inaitupa. Nanyi ujumbe upeni kitambulisho ndani ya simu, kabla haujaondoka. Abonyeze Tuma mara kumi, seva itapokea mmoja.

Sasa nafika kwenye ugomvi. Najua humu ndani kuna watakaonibishia, na mwalimu wenu ameshaanza kutabasamu. Majibu yapangwe vipi: yafuatane kama foleni kwa mpangilio wa saa, au kila jibu lijichimbie chini ya ujumbe unaojibiwa, na jibu la jibu chini yake, na kadhalika?

Barazani tunaelewana hata wakiongea watu wanne kwa sababu macho yanaonyesha nani anamjibu nani. Maandishi hayana macho, kwa hiyo mfumo lazima uonyeshe uhusiano huo kwa njia nyingine. Kwenye Notes ya Woolley majibu yalifuatana tu. The WELL, mfumo ulioanza California mwaka 1985 na ukapata sifa ya kuwa na mazungumzo mazito, nao ulipendelea mfuatano, na kauli yake kwa wachangiaji ilikuwa kwamba maneno yako ni mali yako. Reddit, tovuti ya mijadala, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ikaeneza mti wa majibu yenye matawi. Wanaoupenda mti wana hoja: swali lenye majibu mia halichanganyi hoja mia. Kweli.

Lakini chukueni simu ya kawaida, tuseme mstari wake unaingia herufi 36. Kila ngazi ya jibu isogezwe kulia kwa herufi 4. Ngazi ya tano imebakiwa na herufi 16. Sasa andikeni humo neno "walichokizungumzia." Lina herufi 18. Halitoshi! Wenzetu waliobuni mpangilio huu wana maneno mafupi. Sisi kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, kinakwenda safari nzima bila kuvuta pumzi. Mti wenye matawi kumi kwenye skrini ya simu ya Kiswahili ni nguzo nyembamba ya herufi zilizokatwakatwa.

Ubaya wa pili wa mti ni kwa yule wetu aliyechelewa. Akirudi, majibu mapya hayako chini. Yako yametawanyika, moja juu, mawili katikati, moja limejificha ndani ya tawi lililokunjwa. Hana mahali pa kuanzia. Kwenye mfuatano, jipya liko mwisho, kila mara.

Msimamo wangu, baada ya kuona mingi ikijaribiwa: mada zitenganishwe, ndani ya mada majibu yafuatane, na jibu linalomlenga mtu libebe juu yake mistari miwili ya maneno anayoyajibu. Ukigusa mistari hiyo, inakupeleka kwenye ujumbe wenyewe, na pawepo kitufe cha kukurudisha ulipokuwa. Hicho cha kukurudisha ndicho husahauliwa. Mtu anapelekwa hadi juzi na kuachwa huko. Mkiona mazungumzo mawili yamesukana ndani ya mada moja, mpeni msimamizi uwezo wa kulihamisha moja kuwa mada mpya, na pale lilipotoka pabaki kiungo. Wanaochangia mijadala ya mtandaoni kwa Kiswahili tayari huita mada moja na majibu yake "uzi". Lichukueni neno hilo hilo, msiunde jingine la kamusi.

Hapa naomba nizungumze kuhusu pole na hongera, jambo ambalo mifumo ya kutoka ng'ambo haikulifikiria kwa jicho letu. Mtu akitangaza msiba, jumbe 80 zinafuata: poleni sana, Mungu amlaze mahali pema, innalillahi. Katikati yake kuna ujumbe mmoja unaosema mazishi ni kesho saa 7 mchana na basi litaondokea wapi. Aliyechelewa anahitaji huo mmoja. Mhandisi asiyetujua atasema: wekeni alama ya moyo, watu wabofye, kelele ziishe. Haitakubalika. Kwetu kutoa pole ni kuonekana umetoa, kwa jina, na mfiwa huyasoma majina. Asiyejitokeza ataulizwa. Basi mfumo uzikunje pole zote mahali pamoja zikiwa na majina na maneno yake, mfiwa azifungue azisome moja moja, na taarifa za mazishi zibaki zimeinuliwa juu ya uzi. Kuinua ujumbe juu, kwa jambo hili peke yake, kuna thamani kuliko mapambo yote mtakayoyaweka.

Nije kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo nimewaona vijana wazuri wakidhani kazi imekwisha kwa kutafsiri vitufe.

Anzeni na king'ong'o, kile kialama cha ng'. Kuna alama iliyonyooka, ya kibodi, na kuna ile iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe ili ipendeze. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Aliyeandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka hatapatikana na anayemtafuta kwa iliyopinda, na wapo wanaoandika ngombe bila alama yoyote. Kabla ya kutafuta, zigeuzeni zote ziwe moja.

Kama mfumo wenu unatuma taarifa kwa SMS, na nawasihi utume kwa ajili ya wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, hapo kialama hicho kinakula fedha. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140, ambazo zinatosha herufi 160 za alfabeti ya GSM, ile orodha ya herufi iliyowekwa kwa ajili ya simu za mkononi. Alama iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima hubadilishiwa usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kwa hiyo taarifa ya herufi 150 inayotaja ng'ombe mmoja wa harusi kwa alama ya kupendeza inatoka ikiwa jumbe tatu, na mnalipa tatu. Kikaragosi kimoja cha tabasamu kina athari ile ile.

Kutafuta kwenyewe kuna mtego. Zana nyingi za kutafutia zimezoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani, zinakata mkia zinabaki na shina. Letu hubadilika kichwani: mkulima, wakulima, shamba, mashamba, alilipa, tulilipa, hawajalipa. Mwanachama anatafuta "mkulima" na uzi wote wa "wakulima" hauonekani. Njia nyepesi, ambayo hifadhidata kama PostgreSQL inayo tayari, ni kulinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatutatu. Mkulima na wakulima wanakutana kwenye kul, uli, lim na ima. Haitakuwa kamili, na itamleta "ukulima" asiyeitwa, lakini afadhali mgeni wa ziada kuliko mwenyeji kukosekana.

Halafu saa. Nimeona mfumo umetafsiriwa vizuri kabisa, na chini ya tangazo la kikao pameandikwa "8:00 usiku." Mashine ilikusudia saa 2 usiku. Mswahili akisoma hivyo anaelewa saa nane, kila mtu amelala. Andikeni 20:00 au andikeni saa 2 usiku. Msichanganye saa ya mashine na maneno yetu. Na kumbukeni kuna shemeji Muscat ambaye saa yake iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo muda uhifadhiwe kwa saa ya dunia na uonyeshwe kwa saa ya msomaji.

Hesabu nazo zina upatanisho. "Jibu 1," "majibu 5." Kuna programu zinazobandika tu herufi mwishoni kuonyesha wingi, zikaishia kutuandikia "jibu(ma)." Msicheke, ipo. Kila kifungu chenye namba kitungiwe sentensi mbili kamili, ya umoja na ya wingi.

Mengine nipite haraka. Maandishi yaonekane juani: uwiano wa utofauti wa rangi usipungue 4.5 kwa 1, kama inavyosema miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kuzifanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, na kijivu cha mvuke juu ya nyeupe mkiache. Vitufe visisongamane. Ukurasa utangaze ndani ya msimbo wake kwamba lugha yake ni Kiswahili, ili programu inayomsomea asiyeona isitusomee kwa matamshi ya Kiingereza. Neno la siri liwe refu, na msimlazimishe mama mzee alibadilishe kila mwezi.

Usimamizi sitaupita haraka hivyo. Usenet ilikuwa na desturi: kila Septemba wanafunzi wapya walimiminika, walivuruga, walifundishwa adabu na wenyeji, wakatulia kufikia mwisho wa mwaka. Kuanzia 1993 kampuni za kibiashara zilianza kufungua milango kwa umma, wageni wakaja bila kukoma, na wenyeji wakaishiwa nguvu za kufundisha. Walikiita kipindi hicho Septemba isiyoisha. Tatizo lilikuwa kasi ya kuwapokea wageni, na hilo mnaweza kulipanga: mgeni asome kabla ya kuandika, ujumbe wake wa kwanza upite mikononi mwa mtu, na kanuni zisizidi zinazoingia kwenye skrini moja. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, walijaribu kugawa usimamizi kwa wachangiaji wa kawaida, wanachaguliwa kwa zamu, wanapewa pointi chache zinazokwisha muda, na kila ujumbe unakaa kati ya -1 na 5. Msomaji anachagua asome kuanzia ngazi ipi. Ninachokipenda hapo ni kwamba cha chini hakifutwi. Kinashushwa tu, na anayetaka ataona.

Ujumbe ukiondolewa, achieni alama mahali pake: umeondolewa na mwandishi, au na msimamizi, na sababu. Msipoacha alama, majibu yaliyobaki yatakuwa yanamjibu asiyekuwepo, na aliyechelewa atadhani watu wanagombana na hewa. Mtu aruhusiwe kusahihisha maneno yake, lakini yaliyotangulia yaweze kuonekana. Vinginevyo atageuza alichosema baada ya kujibiwa, na aliyemjibu aonekane mjinga.

Na taarifa za watu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani hapa Tanzania, na kiini cha suala kilikuwa kutowapa polisi taarifa za wachangiaji. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Someni zote mbili. Lakini kabla ya sheria kuna swali la mtengenezaji: kwa nini umeomba tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayetaka kuuliza bei ya mbolea? Kitu usichokihifadhi hakiibiwi kwako, na hakuna atakayekuja kukidai.

Nimebakiwa na mfano mmoja, kwa wale ambao kesho mtataka kubomoa mfumo unaotumika na kuujenga upya. Kurasa za majadiliano za Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, zilikuwa maandishi matupu. Ukitaka kujibu, unafungua ukurasa wote, unatafuta mahali, unaweka nukta pacha mwanzoni mwa mstari ili jibu lisogee kulia, nukta pacha mbili likizidi kusogea, na mwishoni unaweka viwimbi vinne (~~~~) ili mfumo uandike jina lako na saa. Mgeni hajui hayo, anajibu bila jina, anakaripiwa, haonekani tena. Wahandisi walijaribu kuuondoa mtindo wote na kuleta mifumo mipya kabisa. Mmoja ukiitwa LiquidThreads, mwingine Flow. Wahariri wengi waliikataa, kwa kuwa kurasa zile walizitumia kwa mambo ambayo mfumo mpya haukuyafikiria: kupigia kura, kuandaa rasimu, kuhamisha vipande vya mjadala. Mwaka 2019 wakaulizwa wenyewe wanataka nini. Kilichofuata kilikuwa kitu kidogo: kitufe cha kujibu mwishoni mwa kila ujumbe. Ukikibonyeza kinafungua kisanduku, kinaweka nukta pacha chenyewe, kinaweka viwimbi chenyewe. Chini yake maandishi ni yale yale ya zamani, mkongwe anaendelea na mtindo wake, na mgeni hana habari kwamba nukta pacha zipo. Hicho ndicho kilichodumu.

Kwa hiyo mkienda kwa kikundi cha akina mama wenye daftari, kaeni kwanza mlione daftari. Nani anaandika, nani anasoma kwa sauti, asiyekuja kikaoni anapataje habari. Mtakuta ameshatengenezewa njia yake, pengine ni mtoto wa jirani anayetumwa.

Nawaona mikono imeshaanza kuinuliwa, na swali la kwanza nalijua, huwa ni lile lile: mbona uhangaike na maandishi, watu si wanapenda kutuma sauti? Wanapenda, na mwacheni anayetaka kusema aseme. Anayeandika kwa shida hana sababu ya kunyamazishwa. Lakini sauti ya dakika tatu inamdai kila msikilizaji dakika tatu, haitafutiki, na aliye kwenye daladala hawezi kuifungua. Ndani ya kikundi cha watu 40 ni saa mbili za watu zimetumika kusikiliza mmoja aliyeanza kwa "aah, habari zenu ndugu zangu, mimi nilikuwa nasema hivi." Mpokeeni kwa sauti, kisha mwombeni aongeze mstari mmoja wa maandishi unaosema sauti hiyo inahusu nini, na kama hawezi, mwenzake yeyote aruhusiwe kumwandikia, jina la mwandishi likionekana. Kuna mifumo inayogeuza sauti kuwa maandishi. Ijaribuni kwa Kiswahili cha watu wenu, cha Mtwara na cha Bukavu, kabla ya kuiamini, na msiruhusu iandike kiasi cha fedha bila mwenye sauti kuthibitisha.

Haya, kipaza sauti kimfikie yule dada wa safu ya tatu.